Nguzo Yetu, Kamba Yako

Sifa, mjukuu wangu na mwanangu,

Majani yameota mara ngapi juu ya kaburi la mama yako tangu ulipokuja mara ya mwisho? Hujui. Mimi najua, kwa sababu mimi ndiye ninayeyang'oa. Ulisema utakuja ukimaliza masomo, ukamaliza. Ulisema utakuja ukipata kazi, ukapata. Ulisema utakuja barabara ikitengenezwa, hapo nikajua kwamba umeamua kutokuja kabisa. Sasa umekuja, umekaa siku za kuhesabu kwa mkono mmoja na vidole vikabaki, na nusu ya siku hizo ulikuwa umesimama juu ya jiwe letu la kuanikia ndakala, dagaa wa ziwa hili, simu juu, unatafuta mtandao kama mtu anayeomba mvua. Haya. Aibu ni yako, si yangu. Kuku niliyekuchinjia alikuwa bado anataga.

Leo umeenda mjini Baraka kumuaga shangazi yako, utarudi jua likizama, na kesho boti ya Kalemie inakuchukua. Toka juzi hatusemezani. Wewe unaosha sahani zilizo safi, mimi nafagia ua nilioufagia asubuhi. Basi nimemwita Mama Esperansi, yule mkimbizi wa Burundi anayelima kando ya mhogo wangu, aje aniandikie. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na beseni la samaki kichwani. Yeye anaandika Kiswahili cha kanisani, kilichonyooka. Nimemwambia: maneno yangu uyanyooshe, lakini hasira yangu usiifue. Barua hii naitia katikati ya mfuko wa ndakala, uikute ukiwa umeshafika mbali, mahali ambapo huwezi kunijibu.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, wala usitembee usiku. Hayo redio inakuambia. Mimi nataka kusema juu ya ile nyumba.

Juzi tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya mhogo, wewe na mimi, na nilikuwa na furaha, kwa sababu mikono yako haijasahau mchi. Ukaanza kunieleza kazi yako. Ukasema biro yenu ya serikali kule Kinshasa itakaa mezani na wakubwa wawili wa dunia ambao hawapendani. Mmoja anataka kutujengea barabara toka kwenye mashimo ya madini mpaka baharini. Mwingine anataka kutupa ulinzi, askari na ndege za kuchungulia. Wote wawili wanataka kitu kile kile kilicho chini ya udongo wetu, na kila mmoja anataka mwenzake akipate kidogo au asikipate kabisa. Majina yao uliniambia, mimi sitayatia humu. Nitawaita Wa Barabara na Wa Ulinzi, wanatosha. Na wewe, kwa sababu ya lugha zako, utakaa nyuma ya mkubwa wako, na kila watakaposema neno utamwambia sikioni maana yake, na yeye atakuuliza, "Sifa, unaonaje?" Nikasikia mwili wangu wote unasimama. Mtoto wa Swima, kijiji hiki chetu, anaulizwa anaonaje!

Nikakuuliza, na wewe unaonaje?

"Koko, inchi haiwezi kukaa katikati kila siku. Iko lazima ichague mukubwa moja, imushike mukono."

"Na ule mwengine?"

"Ule mwengine atazoea."

"Atazoea nini, njaa?"

Ukacheka. "Koko, unajua vile batu banasema, tembo bawili bakipigana, majani ndiyo..."

"Acha majani yako! Majani hayana miguu, hayana kinywa, hayana mama. We uko na vyote."

Ukacheka tena, ukafuta mikono, ukatoa simu unionyeshe picha. Nyumba nyeupe, ya juu na chini. Maji yanatoka ukutani. Dirisha kubwa kuliko mlango wa kanisa letu.

"Ile nyumba ni ya nani?"

"Ni ya kwangu, koko. Ni kusema... bamenipatia."

"Banani?"

"Barafiki. Bale ba barabara. Na masomo tena, kule kwabo, mwaka unaokuja. Si rushwa, koko, usiniangalie vile! Kila mutu kwetu ku biro iko na kitu chenye alipata."

"Siku ya meza utakaa upande gani?"

"Upande wetu! Nitakaa upande gani tena?"

"Na jioni utarudi kulala wapi?"

Ukarudisha simu mfukoni. Nami nikasema neno ambalo Mama Esperansi amekataa kuliandika. Anasema ni Mkristo. Nami ni Mkristo, lakini lile neno lilikuwa la kweli, na sijaliondoa.

Sasa sikiliza. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini baba yako alikuwa anaingia kwetu kwa nyuma, kwa njia ya shambani, akitembea kwa miguu na kuku mkononi, wakati wanaume wote wenye boti wanaingia kwa upande wa ziwa. Nikakuambia ni heshima. Ilikuwa nusu ya jibu. Chukua nusu ya pili.

Kabla hujazaliwa, mwalo wetu, pale mitumbwi inapotua, ulikuwa mikononi mwetu sisi bamama. Wanaume walitoka na taa jioni, wakarudi asubuhi, na samaki akishagusa mchanga alikuwa wa kwetu: kupokea, kuanika, kuuza. Wanunuzi walikuwa wawili. Mmoja alitoka kaskazini, upande wa Uvira, alikuwa analeta taa za kuvulia, tulimwita Bwana Taa. Mwingine alitoka kusini, upande wa Kalemie, alikuwa analeta chumvi, tulimwita Bwana Chumvi. Wote wawili walikuwa wanakua kama mtoto anayenyonya kwa mama wawili: leo boti moja, kesho tatu. Walichukiana. Wakikutana mwaloni walisalimiana kwa meno tu. Na sisi tulikuwa tunakula vizuri katikati ya chuki yao, nakuambia ukweli. Taa akibana, tunamtazama Chumvi. Chumvi akibana, tunauliza kwa sauti, "Hivi boti ya Uvira inafika lini?"

Sheria ilikuwa moja tu, tuliirithi kwa waliotuzaa. Kule majini kulikuwa na nguzo za mti mgumu, tumezisimika sisi. Mgeni yeyote anafunga boti yake kwenye nguzo yetu, kwa kamba yake mwenyewe. Akiondoka, anaondoka na kamba yake. Hakuna mgeni anayesimika nguzo. Kwa nini? Kwa sababu nguzo ikiwa na mwenyewe, maji yanayoizunguka yanapata mwenyewe, halafu mchanga ulio mbele yake, halafu jiwe lililo juu ya mchanga, halafu na wewe uliyekaa juu ya jiwe. Lakini kamba je, kwa nini iwe yake? Kwa sababu mgeni aliyefungwa kwa kamba yako atasema umemkamata. Mwache ajifunge mwenyewe, ajifungue mwenyewe, asije akakudai.

Basi Bwana Taa akaja kuoa kwetu. Akamtaka Maua, binti yangu, mama yako.

Usinielewe vibaya. Walipendana. Mimi mwenyewe nilimwona Maua akipita kuchota maji na mtungi ambao ulikuwa umejaa. Tukapokea mahari, tukala, tukacheza. Hakuna aliyefikiri. Asubuhi ya pili baada ya arusi Bwana Taa akashuka mwaloni kununua samaki kama kawaida, na pale ndipo tulipoona tulichokifanya.

Wewe umekaa mjini, pengine umesahau. Kwetu mama mkwe hasimami uso kwa uso na mkwe wake. Hambishii. Hamwambii neno gumu. Akimwona njiani anaacha njia. Na mama mkwe si mimi niliyezaa peke yangu, ni dada zangu wote, ni wake wa ndugu za babu yako, ni kila mwanamke wa rika langu aliyembeba Maua mgongoni. Yaani ni bamama wote wa mwalo! Bwana Taa alifika, na sisi sote, waliokuwa wanapiga bei na wale wenye ndimi kali kuliko kisu cha kupasulia samaki mukeke, tukageuka, tukajifunika vikwembe kichwani, tukatazama milima.

Alipanga bei na migongo yetu.

"Bamama, leo nitatoa nusu," alisema. Migongo ikanyamaza. "Basi mumekubali." Na kweli, kwa heshima, tulikuwa tumekubali.

Sijui kama alipanga hivyo toka mwanzo. Baba yako hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyekuta mlango wazi. Mwezi haukuisha, akasimika nguzo. Ya kwake, ya chuma, katikati ya mwalo. Nani angemkataza? Wanaume walisema mwalo ni kazi ya wanawake. Wanawake walikuwa wanatazama milima.

Hapa ndipo nilipokosea mimi, na kosa hili ndilo linalonifanya nikuandikie, kwa sababu nimeliona kwenye uso wako juzi. Nilimchukia Taa mpaka usingizi ukanihama. Chuki ikaniambia: dawa ya huyu ni yule. Nikapanda mtumbwi mpaka Kazimia, nikamkuta Bwana Chumvi amekaa juu ya magunia yake, nikamwambia, "Njoo. Chukua mwalo wote. Mufukuze ule."

Akaniuliza, "Wote?"

Nikasema, "Wote." Kwa kinywa hiki. Hakuna aliyenishika mkono.

Alikuja na boti nyingi na vijana wenye vifua. Taa akang'olewa, nguzo yake ya chuma ikatupwa kilindini, Maua akabaki kwangu. Tulipiga vigelegele siku ile, mwanangu, mimi mbele ya wote. Na vigelegele havijakauka mdomoni, Chumvi akasimika nguzo zake mbili. Halafu ua wa miti. Halafu mlinzi kwenye ua, ambaye tulikuwa tunamwomba ruhusa ya kuanika samaki wetu juu ya mawe yetu. Chumvi ikapanda bei, samaki ikashuka. Nikaenda kumlalamikia. Yeye hakuwa mkwe wangu, niliweza kumtazama usoni, nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, utamuuzia nani?"

Hilo ndilo swali lote, Sifa. Mtu akiweza kukuuliza hivyo na wewe huna jibu, huna tena inchi, una ua wa mtu. Tulimtoroka mkwe tukaangukia kwa bwana. Nilikuwa nimefikiri kumchukia mmoja ni sawasawa na kuwa huru. Sivyo. Chuki nayo ni kamba, tena hii unajifunga mwenyewe.

Juzi ulipokuwa unaniambia ubaya wa Wa Ulinzi, vile wanavyodharau, vile wanavyosema uongo, uso wako ulikuwa wangu kwenye ule mtumbwi wa Kazimia. Pengine ni kweli yote. Mimi naamini ubaya wao, hao wa ulinzi. Hapa askari wa kila namna wamepita, kila mmoja alikuja kutulinda na mwingine, na kila mmoja alikula mbuzi. Lakini ubaya wa huyu hauongezi wema wa yule hata chembe.

Sasa tulijitoaje? Usitegemee hadithi nzuri. Tulijitoa kwa njaa. Tuliacha kuanika kwenye mwalo. Tulianika juu ya mapaa, juu ya makaburi, Mungu atusamehe, na juu ya moto pale mvua ilipokataa kukatika. Samaki nyingi zilioza. Tulizikausha kwa moshi tukazipandisha milimani kwa wale wenye ng'ombe, wanaosema Kinyarwanda, ambao kabla ya hapo tulikuwa tunawacheka jinsi wanavyoogopa ziwa. Wakatupa mahindi na maziwa. Hawakuwa matajiri, hawakutuokoa. Walitutosha tu kufika kesho. Kumbuka hilo kwenye meza yako: unapotazama wakubwa wawili tu, unamsahau jirani mdogo aliye na mahindi. Na mdogo mwenzako hakuulizi "utamuuzia nani", kwa sababu na yeye ameulizwa.

Lakini bila mnunuzi wa pili tungekufa polepole. Tulimhitaji Taa arudi. Na nani wa kumwambia? Midomo yetu ilikuwa imefungwa na arusi.

Ndipo mama yangu alipocheka. Wewe hukumkuta. Alikuwa mfupi, mweusi, bila jino hata moja, na hakuna mtu aliyemshinda kwa maneno kutoka Swima mpaka Fizi. Alisema, "Ninyi ni mama zake Maua, mufunike vichwa. Mimi ni koko yake. Mume wa mujukuu wangu ni mume wangu." Na kweli! Heshima inayofunga mama inamfungulia bibi. Koko anaweza kumtania mume wa mjukuu wake, kumtukana, kumvuta shati, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Tulikuwa na mlango muda wote huo na tulikuwa tunapiga ukuta kwa vichwa.

Tukampeleka Baraka, maana Taa alikuwa amehamishia boti zake pale. Mimi nilisimama nyuma ya duka, kichwa nimefunika, nasikia.

"We bwana yangu mubaya!" alianza kwa mbali, sokoni, watu wote wanageuka. "Umenioa juzi, umeniacha na Chumvi! Ananilamba kila siku, nimebakia mifupa!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Taa akasema, "Koko, si mulinifukuza ninyi."

"Tulifukuza mwizi. Mi natafuta bwana yangu."

"Nirudi, munifukuze tena?"

"Utarudi na miguu mbili, na kila muguu na njia yake. Ukikuja kuangalia muke yako, pita nyuma ya nyumba, kwa shamba, na kuku mukononi, na hautasema neno la samaki. Ukikuja kununua samaki, pita kwa maji, funga kwa nguzo yetu, na kamba yako, na utasemezana na mimi. Ukichanganya njia, nitakuvua suruali mbele ya wakwe zako."

"Na nikikataa?"

"Basi nitahamia kwako leo. Ninakoroma."

Alirudi. Wiki ile ile boti yake ilionekana, na kamba mpya ya katani aliyoisokota mwenyewe, akafunga kwenye nguzo yetu ya zamani. Pale pale Chumvi akaanza kuwa na adabu, si kwa sababu alitupenda, kwa sababu sasa swali lake lilikuwa na jibu. Usiku mmoja bibi zetu waling'oa nguzo zake mbili na ua mzima, wakavipasua kuni. Kesho yake wakamkaribisha bukari, ugali wetu wa mhogo, na mukeke. Alikula vizuri, akasifu. Mama yangu akamwambia, "Kula, bwana, ni nguzo zako zimepika." Alitafuna kwanza, halafu akaelewa. Na hata yeye alicheka, mshenzi yule, kwa sababu boti ya Taa ilikuwa inaonekana toka pale alipokaa.

Toka siku ile hakuna mama mwenye ukwe na mnunuzi anayepanga bei naye. Anatoka, anaingia mwingine. Hakuna anayesema ni mwizi. Anaheshimiwa, anapikiwa, anakaa pembeni. Vita vilipokuja tukakimbilia ng'ambo ya ziwa, wewe mgongoni mwangu. Tuliporudi nyumba hazikuwepo. Nguzo zilikuwepo.

Wewe uliniambia juzi, kabla hatujanyamaza, nilipokutajia nguzo zetu, "Koko, inchi si mwalo." Hapo uliniweza, na sitajifanya. Ninyi mna mikataba, mna madeni ya watu waliokufa, mna mipaka inayowaka. Mimi sijui dhahabu ya Misisi inapita wapi ikitoka shimoni. Najua tu wanaoingia shimoni ni watoto wetu na anayeshika mizani si mtoto wetu. Ukaniambia pia Congo si ndogo. Mwanangu, ukubwa wa shamba si ukubwa wa mwenye shamba. Shamba kubwa la mgonjwa linawavuta wezi wengi zaidi, basi.

Mama Esperansi hapa ameweka kalamu chini. Anasema, "Bibi, kwetu Burundi ni padogo, ukipanda mlima unaona kwa jirani. Mutoto mudogo anajua kusalimia kila nyumba. Lakini kulala, analala kwao." Nimemwambia aandike hivyo hivyo. Amesema mimi ni mkali mno na kwamba umekonda. Nimeona umekonda. Kwani nilimchinja yule kuku kwa nini?

Sikatai barabara yao. Wajenge! Na wale wengine walete ulinzi wao kama una faida, wakae pale tutakapowaonyesha, waondoke siku tutakayosema. Chukua taa kwa huyu, chukua chumvi kwa yule, uwashukuru wote wawili kwa sauti kubwa, kila mmoja asikie unavyomshukuru mwenzake. Rafiki anayekuomba usiwe na rafiki mwingine huyo ni mume, tena mume mwenye wivu. Lakini hayo yote hayawezekani kama yule anayesema sikioni mwa mkubwa ameshaolewa. Hao hawakuhitaji kusimika nguzo kwenye inchi. Wamesimika ndani yako. Siku ya meza watasema nusu, na wewe utageuza kichwa utazame milima. Hutajua kama umegeuza. Sisi tulidhani ni heshima.

Kwa hiyo una njia mbili, kama baba yako. Ukitaka nyumba ile, kaa ndani, soma shule yao, sitakulaani. Ila toka mezani kwanza, mwambie mkubwa wako, "Mimi nina ukwe na hawa, mtafute mwingine," upite nyuma na kuku wako. Ukitaka meza, warudishie ufunguo kabla hujakaa. Waambie asante, nina pa kulala. Utalala kwenye chumba cha kukodi chenye panya. Panya hawatakuuliza unaonaje. Utakuwa na msimu wa njaa, na wale wenzako wa biro watakucheka kwenye madirisha yao makubwa. Mimi niliozesha samaki wa msimu mzima, sikufa. Unachoogopa ni kidogo kuliko unavyofikiri, na bado kinauma. Sitakudanganya kwamba hakiumi.

Njia zote mbili ni za mtu mwema. Ni kuzichanganya ndiko nisikokukubali, mpaka naingia kaburini, na hata kule nitalala nimekupa mgongo.

Nimesikia pikipiki. Unarudi. Mama Esperansi anakunja karatasi, anakuogopa wewe kuliko mimi. Nitakupikia, tutakula kimya, na kesho nitakushika shingo pale majini kama nilivyokushika ulipokuwa na homa, na sitasema neno, usidhani hasira imeisha. Nakupenda kwa hasira hii. Ile nyingine ya upole niliimaliza kwa mama yako.

Kamba ya baba yako, ile aliyotuachia alipoacha kununua samaki, ipo, imening'inia juu ya jiko, nyeusi kwa moshi. Jana nilikuona unaishika. Sikupi. Ukija tena, usilete sukari, usilete kikwembe, usilete picha. Njoo na kamba yako mwenyewe, uliyoinunua kwa jasho lako, na usishuke botini mpaka nimeishika mkononi. Nguzo utaikuta.

Koko yako